Niliumwa na Mbwa Mwenye Kitanda

Mbwa aliyeniuma alikuwa na kitanda chake. Nakitaja kitanda hicho mwanzo ili ijulikane nazungumzia mbwa wa namna gani. Si wale mbwa koko wa sokoni Ukunda, waliokonda mbavu zikatokeza, ambao ukiinama tu kama unayeokota jiwe wanakupisha njia kwa heshima. Huyu alilelewa kwenye jumba la ufuoni Diani, akilala juu ya godoro lenye foronya, akichemshiwa nyama isiyo na mifupa asije akapaliwa. Kitanda chake nilikiona kwa macho yangu, pale kibarazani. Mlinzi wa nyumba ile alikuwa akilala kitini.

Mwenye mbwa alikuwa bwana mmoja wa bara, mstaafu wa kazi kubwa Nairobi, aliyehamia pwani kwa sababu, kama alivyopenda kusema, huku watu hawana haraka. Mimi nilikuwa nikimpelekea mkate wa sinia kila Ijumaa asubuhi. Ni mjane, naishi Munje kwenye nyumba waliyotuachia wazazi, pamoja na dada yangu na mumewe, na mikate ndiyo inayonilisha. Naoka alfajiri, nafunika kwa kitambaa safi, nashuka Diani na kuzunguka kwenye majumba yenye wageni. Bwana huyo alikuwa mteja mzuri kwa jambo moja tu: alikula sana. Salamu hakuzijua. Ukimwambia "Hujambo, bwana," hukujibu "Ehe," kama mtu aliyeulizwa shauri lisilomhusu.

Siku hiyo lango lilikuwa wazi. Mlinzi alikuwa nyuma ya nyumba akihangaika na bomba la maji lililopasuka. Nikapiga hodi, nikapiga tena, na bwana mwenyewe akanipungia mkono kutoka kibarazani kwamba niingie. Nikaingia. Kabla sijafika kwenye ngazi, jibwa likateremka. Halikubweka wala halikunguruma. Lilikuja kimya, kama mtu anayefuata haki yake, likazunguka nyuma yangu na kunishika shavu la mguu, likauma kupitia buibui na leso ya ndani. Sinia lilianguka huko, mikate huku, nami nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Mlinzi akatoka mbio, akalishika jibwa kwenye ukosi na kulivuta kwa nguvu zake zote mpaka likaniachia.

Bwana alishuka taratibu. La kwanza alilofanya ni kukipapasa kichwa cha mbwa wake.

"Umeshtuka, eh? Umeshtuka, kijana wangu?"

Ndipo akakumbuka kwamba nami nipo.

"Pole, mum. Alikuwa anacheza tu."

"Anacheza na mguu wangu?"

"Huyu haumangi watu. Halafu amechanjwa chanjo zote. Ni msafi kuliko watu wengi."

Damu ilikuwa ikiteremka kwenye kandambili. Akaingia ndani, akatoka na soda baridi na plasta, ile ndogo ya kufungia kidole. Nikaitazama plasta, nikayatazama matundu ya meno yaliyotoboka mguuni mwangu, nikajiuliza mtu huyu huko Nairobi alikuwa akisimamia idara gani, na nchi ilisalimika vipi. Soda sikuinywa. Mlinzi alinipeleka kwenye bomba lake bovu, akanipa kipande cha sabuni ya kufulia, nikajiosha mguu. Naye hakusema neno. Nilidhani ni haya.

Nikarudi Munje nikichechemea, nikamkuta shemeji yangu, mume wa dada, amekaa kibarazani kama kawaida yake. Shemeji ni dalali wa nazi. Maana yake ni kwamba wengine wanakwea minazi, wengine wanafua nazi, wengine wanapakia kwenye malori, naye anazungumza. Dini pia anaijua kwa njia hiyo hiyo, kwa sauti. Nilipomwambia nimeumwa na mbwa, alisogeza kiti chake nyuma kana kwamba mbwa ni mimi.

"Hiyo ni najisi kubwa," akasema. "Yataka kuoshwa mara saba, na moja kwa mchanga."

"Nimekwisha kuosha kwa sabuni."

"Sabuni si mchanga. Nenda pale kisimani, penye unyevu, uchukue mchanga ujisugue."

Dada yangu alikuwa ametoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Pale wanaponywea mbuzi na punda?" akauliza. "Penye mavi yao?"

"Mchanga ni mchanga," akajibu shemeji. "Sharia haiulizi mbuzi."

Nikamwambia sharia naijua kidogo na mimi, na sikumbuki mahali iliposema nijaze udongo kwenye nyama yangu. Hilo lilimchoma. Akatoa simu, akampigia ustadhi wa madrasa yetu, na akaiweka kwa sauti kubwa ili mimi na dada, na majirani wawili waliokwisha kusogea uani, tusikie tukishindwa.

"Asalaam aleikum, ustadhi. Nina suala la fikihi. Mtu ameumwa na mbwa, damu imetoka. Mchanga anautia kwenye kuosha kwa kwanza au kwa mwisho?"

"Waaleikum salaam. Nani aliyeumwa?"

"Shemeji yangu, wa mikate."

"Yuko hospitali gani?"

"Hayuko hospitali. Yuko hapa kibarazani."

"Anafanya nini kibarazani?"

"Twataka kwanza tulimalize hili la mchanga."

"Bwana wangu," akasema ustadhi, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa alifu, "chombo kikirambwa na mbwa, utakiosha hivyo. Huyo si chombo, ni mtu, na ana kidonda. Muosheni kwa maji, mara saba mkitaka, kisha mumpeleke hospitali. Kuihifadhi nafsi ni wajibu. Ukimtia mchanga akashikwa na pepopunda, utanipigia tena na suala jingine, la mirathi."

Dada yangu aliziba mdomo kwa mwiko. Shemeji akaitikisa simu na kusema mtandao wa siku hizi hausikiki vizuri.

Lakini mimi sikucheka. Neno lile, pepopunda, lilikuwa limenirudisha kwenye uwa ule ule tuliosimama, nikiwa mtoto wa kike wa kutumwa maji. Mjomba wetu, ndugu wa mama, alikanyaga msumari wenye kutu uliokuwa kwenye ubao wa zamani. Aliung'oa mwenyewe, akaliziba tundu kwa jivu na kinyesi cha ng'ombe kama alivyofundishwa, na akatutania kwamba mguu wake umesilibwa sakafu. Alikuwa mtu wa mizaha. Kidonda kikafunga, tukakisahau. Halafu asubuhi moja akashindwa kufungua kinywa. Mama alimletea uji, akaujaribu kwa kijiko, kijiko hakikupita katikati ya meno. Kufikia jioni shingo ilikuwa ngumu kama mchi, na mgongo ukaanza kujikunja kwenda nyuma mpaka tumbo likainuka juu ya kitanda.

Watu walipoona hivyo wakasema ni pepo. Si ndilo jina lenyewe? Nimefikia kuamini kwamba jina hilo lilimuua mjomba wetu sawa na msumari. Wangeliita ugonjwa wa kutu, labda wangempakia kwenye gari. Lakini walisikia pepo, wakatafuta mganga, naye akaja na ubani na ngoma. Kila ngoma ilipopigwa, mjomba alikunjika. Wakasema, mnaona, pepo anaisikia ngoma yake, anacheza. Wakazidisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilimwona macho. Hakuwa na pepo yeyote. Alikuwa na akili zake timamu, anatutazama mmoja mmoja, anatuomba kwa macho tunyamaze. Hakuna aliyenyamaza. Alifariki ngoma ikiwa bado yapigwa, na waliokuwa wakiipiga walilia kwa uchungu wa kweli. Walikuwa watu wema. Tangu siku ile wema wa mtu asiyejua analolifanya haunibabaishi.

Basi nikafunga leso na kutoka kwenda hospitali Msambweni, na dada yangu akanisindikiza. Kutoka mlangoni hadi barabarani nilipewa dawa nyingi kuliko zilizoko kwenye duka la dawa. Mmoja akasema nitie pilipili ya unga. Mwingine akasema mafuta ya taa. Wa tatu, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akanishauri nirudi Diani, nikate manyoya ya mbwa yule, niyachome, na jivu lake nilipake penye jeraha. Nilimwuliza mbwa atashikwa na nani wakati namnyoa. Akasema hilo ni juu yangu. Na shemeji, ambaye hakuweza kuliacha jambo bila kulitia neno la mwisho, akanipigia kelele kutoka nyuma: "Hata hivyo, mbwa wa tajiri hana kichaa!" Kana kwamba kichaa cha mbwa nacho huuliza kwanza hati ya nyumba.

Hospitalini alinipokea nesi mmoja msichana, umri wa mwanangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Baada ya siku nzima ya wenye hekima, salamu ile peke yake ilikuwa nusu ya dawa. Akaniosha mguu upya kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila haraka, muda mrefu mpaka nikadhani amesahau. Kisha akauliza:

"Sindano ya pepopunda ulidungwa mara ya mwisho lini?"

"Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho."

"Na huyo mwanao sasa ana umri gani?"

"Ana ndevu."

Akacheka. "Basi leo twakudunga nyingine. Ile imekwisha kuzeeka."

Akanieleza kwamba pepopunda ni kijidudu kinachokaa udongoni na kwenye vinyesi vya wanyama, kinangoja tundu tu la kuingilia mwilini. Jino la mbwa linalifungua tundu hilo vizuri sana. Kichaa cha mbwa ni jambo lingine kabisa, lina sindano zake nyingine, na hizo huchomwa kwa zamu, si mara moja ukaenda zako. Watu huchanganya, akasema; anakuja mtu anadungwa ya pepopunda, anarudi nyumbani akidhani amemaliza yote. Nikamweleza habari za mchanga wa kisimani. Hakushangaa. Nikamwuliza mbona wanaume ndio wenye maneno mengi juu ya jambo hili.

"Nyinyi wanawake angalau mwadungwa kliniki kila mimba," akasema. "Wao wengi hawajaiona sindano tangu utotoni. Ndio maana wana ujasiri."

Akanidunga zote mbili, akanipangia siku za kurudi, na akaniambia huyo mbwa afungwe atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, ni habari njema. Akiugua au akifa, wajulishwe mara moja.

Kesho yake nikarudi Diani kumpa bwana maagizo hayo. Lango safari hii lilikuwa limefungwa. Mlinzi akachungulia, akafungua. Alikuwa mtu mzima, mpole, mzaliwa wa wale waliokuja kutoka bara na kupewa mashamba nyuma ya Msambweni. Mkristo wa kanisa la Jumapili nzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha kulainika kwa kukaa nasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana yupo?"

"Amesafiri, amekwenda Nairobi tangu alfajiri."

"Na mbwa?"

"Amekwenda naye. Amekaa kiti cha mbele."

Nilikuwa naanza kusema ninalofikiri juu ya kiti cha mbele, ndipo nikaona kifundo cha mkono wake. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cheusi kwa uchafu, na kinanuka oili ya gari.

"Na hiyo?"

Akauficha mkono nyuma.

"Hiyo nini? Nakuuliza."

"Ni jana, mama. Nilipomvuta akuachie."

Nilikuwa nimepewa sabuni na mkono ulioumwa kwa ajili yangu, na sikuuona. "Mbona hukusema?"

"Bosi aliona. Akasema ni mkwaruzo. Na ningelilia, angeniuliza ni nani aliyeacha lango wazi."

"Ukatia oili chafu?"

"Fundi wa gari alisema inakausha."

Fundi wa gari! Nchi hii kila mtu ni daktari isipokuwa madaktari. Nikamwambia afunge lango, tunakwenda Msambweni sasa hivi. Akasema hawezi kuliacha lango. Nikamwuliza lango lina nini, lina homa? Akasita, akalitazama jumba, akaitazama barabara, mwisho akafunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Njia nzima hakuacha kupangusa jasho.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja kuitwa wakati simu yake ilipolia. Alipoona ni nani, alisimama wima kama yuko gwarideni. Nilisikia sauti ya bwana mpaka pale nilipokaa. Kumbe alikuwa na kamera juu ya lango, na akiwa Nairobi anaiona barabara yake kwenye simu. Jani likianguka Diani yeye analiona. Mkono wenye damu mbele ya macho yake aliuita mkwaruzo.

"Uko wapi? Nani yuko kwa gate?"

Nikaichukua simu.

"Langoni iko kamera," nikamwambia.

"Wewe ni nani?"

"Mama wa mikate. Mlinzi wako ameumwa na mbwa wako, tuko hospitali. Na wewe tumeagizwa tukwambie umtazame mbwa huyo siku kumi. Akikataa kula, akibadilika tabia, akitokwa na udenda, upige simu."

"Mum, si nilikuambia amechanjwa?"

"Alichanjwa lini?"

"Mke wangu ndiye alikuwa anashughulika na hayo mambo," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mbwa alikuwa wake. Alifariki kabla sijahamia huko."

Kumbe tangu mama yule azikwe, hakuna aliyempeleka mbwa popote. Chanjo zote zile alizojivunia zilikuwa zimezikwa naye. Nami nimefiwa, najua yako mambo ya nyumbani ambayo marehemu huondoka nayo, ukaja kugundua siku nyingi baadaye kwamba hayafanywi na mtu. Nilimhurumia. Nakiri hapa, nilimhurumia kabisa, nikafungua kinywa nimpe pole inayostahili.

"Basi mwambie arudi kwa gate," akasema. "Akimaliza hapo."

Nikaifunga ile simu na huruma yangu pamoja.

Mlinzi alipoingia kwa nesi aliulizwa kama amewahi kudungwa sindano ya pepopunda. Akasema labda shuleni, hakumbuki. Alipoiona sindano alishika pindo la leso yangu, mwanamume mwenye mabega ya kubebea magunia, akafumba macho na kuanza kusali kwa lugha ya kwao. Hakuzimia, ingawa ilikuwa karibu. Nesi akamwosha ile oili mpaka nyama ikaonekana rangi yake.

Mbwa hakuugua. Siku ya kumi bwana alinitumia picha yake akiwa amejilaza juu ya kochi, na chini yake maneno, "Si nilikuambia?" Hakuniuliza mguu. Sisi tulimsikiliza nesi, tukaendelea na zamu zetu mpaka alipotuambia basi. Bwana aliporudi Diani alimwachisha kazi mlinzi kwa kosa la kuliacha lango. Muda si mrefu akanipigia: ana wageni, anataka mikate ya kutosha. Nikamwambia samahani, mikate yangu haijachanjwa.

Nyumbani nako palikuwa na mambo yake. Dada yangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kunyamaza, alimwambia mumewe kwamba hapakui chakula mpaka naye akadungwe, kwa maana anatembea pekupeku kwenye maganda ya nazi na hakutaka kusikia ngoma nyingine katika uwa ule. Shemeji akabisha, akashinda na njaa, akaenda. Akarudi bega linamwuma na kinywa kizima. Jioni hiyo hiyo nilimsikia kibarazani akiwaeleza watu kwamba pepopunda ni kijidudu, kinakaa udongoni, na ni ajabu ya Mungu jinsi watu wasivyojua jambo dogo kama hilo.

Mlinzi alikaa kwao shambani kwa muda, kisha akapata kazi Lunga Lunga, kulinda malori yanayongoja kuvuka mpaka. Kabla hajaondoka, mama yake alikuja Munje kuniona. Ni mama wa bara, mwenye miguu iliyopasuka kwa kulima, na alikuwa amebeba mahindi mabichi kwenye kikapu. Tulikaa jikoni. Hakuwa na Kiswahili kingi, nami lugha yake siijui. Akanionyesha kwa kidole niinue leso, nikainua. Akayatazama yale makovu kwa muda, akayagusa kidogo kwa ncha ya kidole, akasema, "Pole." Ukimwacha nesi, alikuwa mtu wa kwanza kuutazama mguu ule bila kunipa ushauri.